Kufuga tarantula Unguja: kazi kubwa ni kumwacha

Mtu wa Unguja akitaka kujifunza kumfuga tarantula, karibu kila maelekezo atakayoyapata yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Ataambiwa anunue zulia la umeme la kumpasha mnyama joto, kipimo cha joto, kipimo cha unyevu, na chupa ya kumpulizia maji asubuhi na jioni. Kwao ni sawa. Nyumba ya London mwezi wa Januari ikizimwa hita inakuwa barafu, na ikiwashwa hewa yake inakauka. Lakini uyafuate maelekezo hayo neno kwa neno ndani ya nyumba ya Mwembetanga, au ya Wete kule Pemba, na mnyama wako hatafika mwaka. Nina miaka tisa ya kufuga. Wa kwanza nilimuua kwa mikono yangu, na ninayoyaandika hapa ni yale niliyotamani mtu angeniambia kwa Kiswahili tangu siku ile.

Huku kwetu joto tumepewa, na unyevu tumepewa. Tarantula wa visiwani hafi kwa baridi. Hufa kwa hewa iliyotuama ndani ya boksi lililoloa, kwa dawa ya mbu, kwa sisimizi, na kwa mkono wa mfugaji asiyeweza kukaa akamtazama tu.

Kwanza jina, maana linachanganya watu. Taranto ni mji wa kusini ya Italia, na buibui wa mwanzo kuitwa tarantula ni wa huko: mkimbiaji wa wastani tu, asiyekuwa wa ukoo huu, ambaye watu wa zamani waliamini kuwa aliyeumwa naye haponi mpaka acheze ngoma. Wazungu walipofika Amerika wakawakuta buibui wakubwa wenye manyoya, wakawavika jina lile lile, likagandana nao. Hivi sasa tukisema tarantula tunakusudia ukoo ambao wataalamu wanauita Theraphosidae, wenye aina zaidi ya 1,000 katika Amerika, Afrika, Asia na Australia.

Kwa hiyo yule bapa mwenye miguu mirefu anayekimbia ukutani kwa upande kama kaa, ukiwasha taa ya jikoni usiku, si tarantula. Mwache, anakupunguzia mende. Wala yule anayetanda uzi wa rangi ya dhahabu baina ya miti ya Jozani, mpaka ukipita unaukuta usoni, si tarantula. Njia ya kuwajua ni meno. Buibui wengi meno yao hukutana kwa ubavuni kama koleo. Ya tarantula yamelala sambamba na hushuka kwa pamoja kutoka juu, kama makucha ya paka, na ndiyo maana akitaka kupiga hunyanyua kwanza kifua na miguu ya mbele. Tena huyu hatandi wavu wa kunasia. Nyuzi zake huzitandika ndani ya shimo lake, na nyengine huzinyoosha mlangoni ili mdudu akizikanyaga apate habari. Macho anayo manane lakini hayaoni mbali. Dunia yake yote anaijua kwa mtikisiko unaopita kwenye manyoya ya miguu.

Bibi mmoja jirani yangu aliposikia nina mdudu ndani ya boksi alikuja mwenyewe mlangoni kuuliza. Nikamwambia, "Ni buibui tu, bibi, mkubwa." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kama ni buibui, mwacheni mwanangu. Hao walimsitiri Mtume." Alikuwa akikusudia tandabui la mlangoni mwa pango la Thaur, kisa ambacho kila mtoto wa chuoni hapa anakijua, na ambacho kimewasalimisha buibui wengi wa nyumba za Unguja wasipigwe na fagio. Tangu siku ile majirani hawakunisumbua. Nakushauri na wewe uwaambie wenzako wa nyumbani na wa ubavuni mapema, kabla hawajamgundua wenyewe. Mtu anayeogopa na hajui ndiye anayemwaga maji ya moto.

Sasa kuchagua. Hapa ndipo penye fundo, na fundo lenyewe linafunguka ukishajua kuwa ukoo huu una tabia mbili.

Wa Amerika wengi wana silaha mgongoni: vinyweleo vidogo juu ya tumbo ambavyo huvipangusa kwa miguu ya nyuma vikaruka hewani. Aliyewahi kupita kwenye upupu anajua ninachokisema. Vikikushika mkononi unawashwa na kuvimba. Vikiingia jichoni ni maradhi ya kwenda kwa daktari, kwa sababu vina miiba midogo na huzama ndani. Lakini kwa kuwa wana upupu wao, hawakimbilii kuuma. Wengi ni wazito, wa taratibu, na sumu yao hailingani na ya wenzao wa Afrika na Asia.

Hao wa Afrika na Asia hawana upupu hata kidogo. Walichonacho ni mbio na meno. Mashuhuri wao ni *Pterinochilus murinus*, anayepatikana Bara, Kenya na nchi nyengine za mashariki na kusini ya Afrika. Wale wa Usambara wana rangi ya chungwa lililoiva, wazuri wa kutazama mno. Huyu ukifungua kifuniko vibaya huwa kashapanda mkono kabla hujajua umefanya nini. Kuumwa naye si mauti kwa mtu mwenye afya, lakini maumivu ni makali na misuli inaweza kukaza na kutetemeka. Na kishawishi kwa mtu wa huku ni kikubwa, kwa kuwa Tanga iko ng'ambo ya maji tu na kijana yeyote wa Bara mwenye jembe anaweza kukuchimbulia mmoja. Usimchukue. Si wa mtu anayeanza. Na jike la porini linachukua miaka kukua, ukichimbua majike machache ya bonde moja umewamaliza wa bonde zima. Hilo limeshawapata wale wa Mexico wenye magoti mekundu, wa jenasi ya *Brachypelma*, mpaka ikabidi wawekwe chini ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini.

Kwa anayeanza mimi nawataja watatu, wote wa Amerika na wote wapatikane kwa aliyewazalisha nyumbani: *Tliltocatl albopilosus* wa Amerika ya Kati, mwenye manyoya ya kujipinda kama nywele za mtoto mchanga, *Brachypelma hamorii* wa Mexico, mwenye magoti ya rangi ya moto, na *Grammostola pulchra* wa Brazil na Uruguay, mweusi mpaka anang'ara. Wangu ni huyo wa kwanza. Mgeni mmoja aliyekuwa akifundisha hapa mjini alikuwa na wawili, jike na mdogo wake, na alipohama akaniachia pamoja na karatasi zao. Karatasi ni muhimu. Mnyama wa kigeni haingizwi kisiwani ndani ya mkoba wa boti. Nenda kwanza ukaulize idara zinazosimamia misitu na mifugo, upate ruhusa, ndipo utafute mnyama. Na kumtoa kiumbe yeyote katika hifadhi, iwe Jozani au msitu wa Ngezi, ni kosa.

Uliza pia kama ni dume au jike. Dume akishapevuka hubakiwa na muda mfupi, miezi au mwaka na kidogo. Jike la *Brachypelma* linaweza kuvuka miaka 25. Mtoto wako wa darasa la kwanza anaweza kumaliza skuli, akaoa, na buibui yupo.

Boksi halina gharama. Sanduku la plastiki lenye kifuniko kigumu, urefu wa sentimita 40 na upana wa 30, linamtosha mkubwa mmoja maisha yake yote. Mmoja, nasema. Ukiwaweka wawili atabaki mmoja. Kinachopaswa kuangaliwa ni kimo. Miguu ya tarantula haina misuli ya kuinyoosha. Huinyoosha kwa kusukuma damu, kama bomba la maji linavyojaa. Mwili mzima kwa hiyo una presha, na tumbo ni kama embe lililoiva sana ndani ya ngozi nyembamba. Akianguka kutoka kimo cha meza, ngozi inapasuka, damu inatoka na anakufa. Kwa hiyo kutoka juu ya udongo hadi kifunikoni pasizidi mara moja na nusu ya upana wa miguu yake: mkubwa wa sentimita 14, basi sentimita 20 au 21, si zaidi. Jaza udongo mwingi ndani, apungukiwe na mahali pa kuanguka.

Na udongo wenyewe! Wenzetu wa Ulaya hununua matofali ya makumbi yaliyosagwa, yakaja kwa meli. Sisi makumbi tunayakokea moto. Chukua ya nazi kavu iliyofuliwa nyumbani, yachambue, yatwange, pepeta zile nyuzi ndefu uzitoe kwa sababu kucha zake hunasa humo, halafu yachemshe na kuyaanika juani mpaka yakauke. Changanya na udongo wa mahali ambapo hapajapigwa dawa, shindilia mpaka ukichimba tundu kwa kidole lisiporomoke. Ila usichukue makumbi yaliyofukiwa pwani na kina mama wanaosokota kamba. Yale yamekaa miezi ndani ya maji ya bahari, na chumvi yake haitoki kwa suuza moja wala mbili. Kwa maficho weka gae la mtungi, au kifuu cha nazi kubwa kilichopigwa msasa ukingoni, kizikwe nusu. Maji weka kwenye kisahani kifupi, yawe ya kunywa, na usitie sponji ndani yake kama vitabu vya zamani vinavyosema, sponji huoza.

Tundu za hewa toboa ubavuni, pande mbili zinazotazamana, kwa msumari uliopashwa moto. Nyingi. Upepo uingie huku utokee kule.

Nilimuua yule mdogo hapa, kwenye tundu za hewa. Nilitaka hewa zaidi, nikakata duara kifunikoni na kulifunika kwa kipande cha chandarua kilichochanika. Niliona nimefanya jambo zuri. Asubuhi ya pili nyenje niliyemtia alikuwa amelala kifudifudi, kafa, na sikujiuliza kwa nini. Jioni yake buibui alikuwa akitembea kama mlevi. Mguu mmoja unakwenda mbele, mwengine unarudi nyuma, mara anajikunja, mara anarusha miguu yote minane. Aliendelea hivyo siku mbili. Nilimtia maji mdomoni, nikamhamisha, nikamkalia macho usiku, haikusaidia kitu. Chandarua kile kilikuwa ni vile vilivyotiwa dawa ya kuua mbu, na dawa ile imekusudiwa kukaa kwenye nyuzi kwa miaka. Inamuua mbu kwa kuvuruga mishipa ya fahamu, na buibui mishipa yake haina kinga zaidi ya mbu.

Vyandarua hivyo vimeokoa watoto wetu, na upuliziaji wa dawa majumbani vile vile. Malaria ya miaka ya nyuma tunaikumbuka, na mimi simwambii mtu akatae dawa kwa ajili ya mnyama. Namwambia amtoe mnyama. Wapuliziaji wakipita mtaani, boksi liende kwa ndugu asiye na zamu siku hiyo, na likirudi lisikae karibu na ukuta uliopigwa dawa. Dawa za kopo, za kuchoma za mviringo, chaki za mende, unga wa viroboto wa paka: vyote visifike chumba kile. Ukiwa umeshika kimoja wapo, osha mikono kwa sabuni mpaka viwiko kabla ya kufungua boksi. Na mende wa jikoni usimlishe kamwe, hata akionekana mzima. Hujui jirani kamwekea nini.

Sisimizi ndio wa pili. Mabaki ya nyenje mmoja yanatosha kuwaita, na wakiingia wakati buibui yuko dhaifu wanamla hai. Dawa huwezi kutumia. Njia ni ile ya kabati za nyavu za bibi zetu: miguu ya meza ndani ya makopo ya maji, na tone la sabuni ya kuoshea vyombo ili maji yasiwabebe. Hakikisha meza haigusi ukuta wala pazia. Kwa miaka yote hii sijaona njia iliyo bora kuliko hii.

Unyevu ndio mahali watu wanapobishana zaidi. Ukisoma utaona aina hii imeandikiwa asilimia kadhaa na aina ile asilimia nyengine, ukajiona huna budi kununua kipimo. Huna haja. Tarantula hapumui kwa mdomo wala pua. Chini ya tumbo ana mapafu manne yaliyopangwa kama kurasa za kitabu, na hewa hupita baina ya kurasa. Kinachohitajika ni kurasa zisikauke na hewa isisimame. Ndani ya nyumba iliyowashwa hita, kukauka ndiyo hatari, na ndiyo asili ya ile chupa ya kupulizia. Hapa kwetu, kitabu ukikiacha rafuni masika moja kinaota ukungu jalada. Hewa hiyo hiyo ndiyo anayoipumua, na ukiongeza maji kila siku ndani ya boksi lenye tundu tatu umemjengea choo. Ukungu mweupe unaota kwenye udongo, utitiri unajaa, naye anapanda kwenye ukuta wa plastiki na kuning'inia huko usiku kucha. Watu husema "anataka kutoka, anafanya mazoezi." Anakimbia udongo uliolowa.

Mimi nafanya hivi. Kuanzia Machi mpaka Mei, masika, sitii maji kwenye udongo hata tone, kisahani tu. Wakati wa kusi, Juni mpaka Septemba, hewa ina upepo, namimina kikombe kimoja cha kahawa kwenye pembe moja ya boksi mara moja kwa wiki mbili, pembe nyengine zibaki kavu, achague mwenyewe. Kaskazi nayo hivyo hivyo. Simpulizii. Upepo wa ghafla na maji juu ya manyoya humtia khofu, na akiingiwa na khofu hurusha upupu.

Joto halina mengi. Digrii 24 hadi 30 anafurahi, na nyumba zetu ziko humo mwaka mzima. Tahadhari ni jua: boksi likiangaziwa na jua la dirishani nusu saa, yaliyomo ndani yamepikwa. Nyumba ya bati isiyo na dari mchana wa Februari pia ni hatari, basi boksi liwe chini sakafuni. Kwa upande wa umeme, wale wa kisiwa hiki wanaokumbuka miezi mitatu ya giza kuanzia Disemba 2009, waya wa baharini ulipoharibika, wataelewa nikisema kuwa mnyama asiyehitaji hata taa ni neema.

Chakula: nyenje, panzi au parare, mmoja asiyezidi ukubwa wa tumbo lake, kila baada ya siku saba hadi kumi na nne kwa mkubwa. Mdogo mara mbili kwa wiki. Panzi uwakamate mahali pasipopigwa dawa ya shamba, au uzalishe nyenje mwenyewe ndani ya ndoo yenye trei za mayai. Makelele yake utayazoea. Asichokula kitolewe kesho yake kwa koleo ndefu. Usimnenepeshe. Tumbo likiwa kubwa kupita kifua kwa mara moja na nusu, punguza, maana likiburura chini linakwaruzika.

Na ikifika siku akakataa kula, wiki ya kwanza, ya pili, mwezi, miezi miwili, hapo ndipo wageni wa kazi hii wanapomharibu. Wanambadilisha udongo, wanambadilisha boksi, wanamgusagusa na kijiti. Ngoja nieleze kilichotokea kwangu.

Jike langu liliacha kula baada ya Mfungo Tatu. Tumbo lake, pale juu alipokuwa ameshapangusa vinyweleo mpaka pakabaki upara, palikuwa na rangi ya ngozi ya mtoto wa panya. Wiki kwa wiki pale pakaanza kuiva: kijivu, kisha samawati iliyokolea, kisha nyeusi inayong'aa. Akafunga mlango wa kifuu kwa nyuzi. Halafu usiku mmoja kama saa nne, shangazi yangu, aliyekuja kutulia kwetu siku mbili tatu, akaniita kwa sauti ya msiba. "Njoo umtazame mdudu wako. Kafa huyu." Alikuwa ametoka nje ya kifuu, amelala chali kwenye zulia la nyuzi alilolitandika mwenyewe, miguu yote juu. Shangazi keshashika gazeti la kumzolea.

Hakuwa amekufa. Tarantula anayekufa halali chali. Huinama, miguu ikajikunja chini ya mwili kama ngumi, kwa sababu presha ya damu imekwisha na hakuna cha kuinyoosha. Anayelala chali anajivua gamba. Nimeshasikia zaidi ya mtu mmoja aliyemtupa mnyama wake mzima jalalani kwa kutojua hilo, na kwa hili peke yake ningeandika makala nzima.

Tukazima taa ya dari, tukabaki na tochi ya simu iliyofunikwa kitambaa. Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu. Kisha pembeni ya kifua pakaonekana ufa, mwembamba kama uzi, ukazunguka, na ngozi ya juu ya kifua ikafunguka kama kifuniko cha sufuria ndogo. Chini yake kilitokea kifua kipya, cheupe kama tui. Ngozi ya tumbo ikapasuka kwa ubavuni na kukunjika kuelekea nyuma. Miguu ndiyo iliyochukua muda. Alikuwa akiitoa yote minane kwa pamoja, akisukuma, akipumzika, akisukuma, mfano wa mtu anayevua kanzu iliyolowa yenye mikono minane, na kila msukumo unatoa kama upana wa ukucha. Shangazi, aliyekuwa na gazeti, alikaa chini mkekani na hakuondoka. Saa saba kasoro ncha ya mguu wa mwisho ikatoka. Akabaki amelala ubavu, laini, rangi ya kahawa yenye maziwa mengi, na meno yake yalikuwa meupe kama punje za mchele.

Meno yale meupe ndiyo jibu la yule anayeuliza "nimlishe lini?" Hayawezi kutoboa kitu. Yatageuka mekundu, kisha meusi, na kwa mkubwa hilo linachukua wiki moja hadi mbili. Kabla ya hapo nyenje ukimtia, nyenje ndiye atakayemla yeye. Mpe maji tu. Aliyelala chali asisogezwe, asigeuzwe, asipulizwe, boksi lisitikiswe. Kama kuna nyenje ndani mtoe kwa utaratibu na uondoke.

Gamba lenyewe siku ya pili nilililowesha kwenye maji yenye sabuni likalainika, nikalifungua kwa brashi. Yote yamo: meno ya zamani, ala za miguu hadi kucha, na kwa ndani ya tumbo vipande vinne vyeupe kama karatasi ya sigara, utando wa yale mapafu manne. Baina ya viwili vya juu, jike huwa na kifuko kidogo cha kuhifadhia mbegu za dume. Dume hana. Hivyo ndivyo anavyotambulikana kwa uhakika, bila ya kumgusa mwenyewe.

Kuhusu kumshika, watu huniuliza kila mara. Hakujui wala hatakuzoea. Hana faida yoyote mkononi mwako, na wewe una hatari ya kumwangusha. Ukihitaji kumhamisha, mfunike kwa kopo la plastiki linaloonesha ndani, teleza karatasi ngumu chini yake, basi. Akikuuma, osha kwa sabuni, weka barafu, meza dawa ya maumivu, na ukiona misuli inakaza au pumzi inapungua nenda hospitali. Upupu ukiingia jichoni usilisugue. Suuza kwa maji safi uende kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo.

Ukichoka naye, mtafutie mtu. Usimwachie huru. Kunguru hawa wanaotunyang'anya samaki mikononi na kuwamaliza vifaranga na ndege wa kienyeji waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi miaka ya 1890, ili wasaidie kuondoa taka za mji. Aliyewaleta alikuwa na nia nzuri. Leo wamevuka wameenea Bara.

Mwezi uliopita nilikwenda Pemba kwa shughuli ya harusi, nikakaa wiki tatu. Sikumlisha kabla ya safari ili mabaki yasibaki. Nilijaza kisahani, nikatazama makopo ya maji chini ya miguu ya meza, nikafunga kifuniko. Nyumbani niliacha agizo moja tu: chumba kile kisipigwe dawa ya mbu, na anayeona ni lazima apige, kwanza alibebe boksi alipeleke kwa bibi wa jirani. Niliporudi maji yalikuwa yamebaki robo kisahani, na yeye amekaa mlangoni mwa kifuu, miguu miwili ya mbele juu ya nyuzi.